Dhana ya Utambuzi katika Tawasifu za Usonji

Neno utambuzi lina kazi mbili katika Kiswahili, na kwa kawaida hatuzikutanishi. Mhakiki wa tamthilia hulitumia kuitaja hatua ile ambapo mhusika hutoka katika ujinga na kuingia katika ujuzi, kama Mfalme Edipode anapong'amua kwamba mhalifu anayemsaka ni yeye mwenyewe. Tabibu naye hulitumia kwa tendo la kuzipa dalili jina. Makala haya yanashughulikia kundi la maandishi ambamo kazi hizo mbili hukutana katika ukurasa mmoja: tawasifu za watu waliotambuliwa kuwa na usonji, pamoja na masimulizi ya wazazi yaliyozitangulia.

Katika maktaba nyingi vitabu hivi hupangwa kwenye rafu za tiba na elimu maalumu, na mwanafunzi wa fasihi hapiti huko. Akipita, huvisoma kwa mojawapo ya njia mbili. Ama huvichukulia kuwa ushahidi wa kitabibu uliopambwa kwa hadithi, ama huvichukulia kuwa hadithi za ushindi, ambamo mtu ateseka, daktari amtajia jina la hali yake, na mateso yapungua. Katika usomaji huo wa pili siku ya utambuzi ndiyo kilele, na yanayofuata ni mteremko. Maoni yetu ni kinyume cha hayo. Katika maandishi bora ya kundi hili utambuzi haufungi hadithi. Humlazimisha msimulizi kurudi mwanzo na kuyasoma upya maisha ambayo tayari yalikuwa yamesomwa na wengine, mara nyingi vibaya. Swali la kiuhakiki, basi, ni nani katika matini amepewa haki ya kusoma.

Aristotle, katika Poetics, aliupanga utambuzi kwa daraja. Ulio duni kuliko wote, kwa maoni yake, ni ule unaotegemea alama za nje: kovu, mkufu, kitu fulani mkononi. Juu yake upo unaozuka kutokana na kumbukumbu, mtu anapoona au kusikia jambo likamwamshia lililopita. Upo pia unaotokana na hoja. Na ulio bora ni ule unaochipuka katika matukio yenyewe. Hatudai kwamba Aristotle alikuwa na kliniki akilini. Hata hivyo, daraja hizo zinafaa ajabu kwa maandishi tunayoyachunguza, kwa kuwa utambuzi wa daktari hauna budi kuanzia kwenye alama: mtoto hatazami usoni, haitiki jina lake, azungusha vifuniko vya sufuria kutwa nzima. Orodha ya dalili ni orodha ya makovu. Mwandishi ambaye haendi mbali zaidi ya orodha hiyo huwa ametupa cheti. Bado hajatupa tawasifu.

Barua ya baba

Historia ya jina lenyewe yastahili kusomwa kwa jicho la fasihi kabla ya jicho jingine lolote. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto wenye maradhi ya akili katika Hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, alichapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Wa kwanza wao alikuwa Donald, kutoka mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi, aliyepelekwa kwake mwaka 1938. Kabla ya mtoto kufika, baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alikuwa amemtumia daktari maelezo yaliyopigwa taipu, kurasa 33. Kanner aliyategemea maelezo hayo kwa kiasi kikubwa: jinsi mtoto alivyoimba nyimbo kwa usahihi akiwa na mwaka mmoja, alivyokariri zaburi na maswali ya katekisimu kabla ya kutimiza miaka miwili, na alivyoridhika kabisa akiachwa peke yake.

Kwa hiyo, utambuzi wa kwanza wa usonji ulisimama juu ya matini. Daktari alikuwa msomaji kwanza, mchunguzi baadaye. Na matini hiyo ilikuwa na msimulizi, baba, mwenye mtazamo wake, machaguo yake na wasiwasi wake. Aliamua ni kipi kiandikwe na kipi kiachwe. Donald mwenyewe yumo humo katika nafsi ya tatu. Donald Triplett aliishi hadi mwaka 2023, akafariki akiwa na umri wa miaka 89 baada ya maisha marefu ya kazi benki, mchezo wa gofu na safari za nchi nyingi. Lakini kurasa zilizomfanya ajulikane ulimwenguni ziliandikwa na wengine.

Katika makala hiyohiyo Kanner alibainisha jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Watoto hawa waligeuza nafsi. Walijiita kwa nafsi ya pili, kwa kuwa ndivyo walivyosikia wakisemeshwa, na waliirudisha sentensi kama ilivyowafikia. Katika Kiingereza mgeuko huo hukaa katika neno linalosimama peke yake. Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi, na mgeuko huwa ni wa silabi moja tu. Mtoto husema "unataka maji" kumbe anayetaka maji ni yeye. Naruhusu hapa neno la pembeni. Mwanangu alisema hivyo kwa muda mrefu, na nyumbani kwetu tulimcheka kwa mapenzi, tukidhani kwamba ametuuliza swali bila kupandisha sauti. Mimi, ninayefundisha viambishi nafsi kwa kulipwa, sikusikia kitu.

Tulilonalo hapa ni tatizo la usimulizi katika hali yake ya awali kabisa. Tawasifu ni utanzu unaodai kiambishi kimoja juu ya vingine vyote, nacho ni ni-. Shaaban Robert anapoandika Maisha Yangu, kiambishi hicho hakimgharimu chochote; anakichukua kama mwenye nyumba anavyovuta kiti chake. Lakini mtu ambaye maisha yake yote yameandikwa katika nafsi ya tatu na madaktari, na ambaye pengine utotoni nafsi ya kwanza na ya pili zilimchanganyikia, anapoanza sentensi kwa ni- amefanya tendo linalohitaji maelezo.

Kuta na wazingiraji

Mwaka 1967 vilitoka vitabu viwili vyenye sitiari moja. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo huko Chicago, alichapisha The Empty Fortress, yaani ngome tupu. Clara Claiborne Park, mwalimu wa fasihi na mama wa watoto wanne, alichapisha The Siege, yaani mazingiwa, kuhusu miaka minane ya kwanza ya binti yake. Kwa wote wawili mtoto ni ngome. Tofauti imo katika swali la nani alijenga ukuta. Kwa Bettelheim, mtoto amejifungia kwa sababu ya ubaridi wa wazazi, hasa mama, na njia ya kumponya ni kumtenga nao. Kwa Park hakuna mjenzi wa kulaumiwa. Upo ukuta, na upo upendo unaouzunguka, usiku na mchana, ukitafuta ufa.

Madai ya Bettelheim hayana tena watetezi katika sayansi. Bernard Rimland, mtafiti aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameyapinga mapema, katika kitabu chake cha mwaka 1964. Lakini tusijidanganye kwamba yalikuwa upuuzi wa Chicago pekee. Tunayo methali inayoifanya kazi hiyohiyo kwa maneno manne: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii hukaririwa shuleni kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mama anayeketi mbele ya daktari na mtoto asiyesema huisikia hata kabla ya mtu yeyote kuitamka. Mhakiki wa fasihi simulizi anayesifu hekima iliyomo katika methali zetu angefaa kuiweka hii mkononi kwa muda, aone ni nani anayelipa gharama ya ufupi wake.

Sitiari ya mazingiwa ina uzito wa pekee kwa msomaji wa Mombasa. Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waomani tangu mwaka 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi kuliko risasi. Nani, akiikumbuka historia hiyo, atapenda kujiona mzingiraji wa mtoto wake? Park mwenyewe, kwa maoni yetu, alihisi hatari ya taswira aliyoichagua. Nathari yake hurudi nyuma kila inapokaribia ushindi. Anaeleza jinsi alivyotambaa sakafuni kando ya binti yake, jinsi alivyoorodhesha maneno ya mtoto mmoja mmoja kama mtu aundaye kamusi ya lugha yenye msemaji mmoja, na kisha anaandika kwa utulivu kwamba neno lililopatikana mwezi huu limepotea mwezi uliofuata. Hiki ndicho kitabu chenye nathari bora kuliko vyote tunavyovijadili hapa, na ubora huo watokana na malezi ya Park katika usomaji. Alimsoma binti yake kama alivyofunzwa kusoma shairi gumu, bila kulilazimisha litoe maana kabla ya wakati.

Sura inayowahusu wataalamu ndiyo inayofaa kufundishwa. Wazazi wanakwenda katika taasisi yenye sifa, wanahojiwa, mtoto anachunguzwa, kisha wanaketi kungoja. Wanachopewa ni sentensi chache za jumla, zilizotamkwa kwa adabu na baridi. Park haandiki kwa hasira. Anauchunguza ufupi wa jibu lile kama mhakiki anavyochunguza ubeti wenye mizani pungufu, na msomaji anatambua kwamba waliofeli mtihani wa usomaji siku ile walikuwa madaktari. Baadaye, katika kliniki moja ya Hampstead, London, familia inapokewa na watu wenye joto la ubinadamu, ingawa elimu yao haikuwa tofauti sana. Tofauti ilikuwa katika namna walivyosikiliza.

Hata hivyo, haki ya kusoma bado haijamfikia binti. Katika toleo la 1967 hata jina lake limefichwa, anaitwa Elly. Park alipochapisha Exiting Nirvana mwaka 2001, binti huyo alikuwa mtu mzima na mchoraji wa picha, naye anaitwa humo kwa jina lake, Jessy. Miaka 34 ilipita baina ya jina la kubuni na jina lake halisi. Katika vitabu vyote viwili yeye ndiye anayesomwa.

Tawasifu mbili za mtu mmoja

Temple Grandin, aliyezaliwa Boston mwaka 1947, alitoa Emergence: Labeled Autistic mwaka 1986, akisaidiwa na Margaret Scariano. Madaktari wa utotoni mwake walidhani ubongo wake umedhurika, na mama yake akakataa kumpeleka kwenye taasisi ya kufungiwa. Anwani ya kitabu ina sehemu mbili zinazovutana: kuchomoza, na kubandikwa jina. Dibaji ya Rimland inamtambulisha kama mtu aliyepona. Simulizi nayo inafuata msitari huo: palikuwa na giza, likaja jina, zikaja juhudi, mtu akachomoza. Ni ile hadithi ya ushindi tuliyoitaja mwanzoni, na kama kazi ya fasihi ni dhaifu, ijapokuwa hatuwezi kuusahau ukurasa ambapo msichana anaona ng'ombe wakitulia wanapobanwa kwa ajili ya chanjo, katika shamba la shangazi yake huko Arizona, naye anatamani kubanwa vivyo hivyo. Akajiundia mashine ya kumbana. Hapo ndipo matini inapoacha kuzungumza kidaktari.

Miaka tisa baadaye, katika Thinking in Pictures (1995), mtu yuleyule anasimulia maisha yaleyale na habari ya kupona imeondoka. Anaanza na namna ya kufikiri: anafikiri kwa picha, na maneno kwake ni kama lugha ya pili. Kutokana na hilo matukio yote yanapangika upya. Ng'ombe hawako tena pembeni kama kisa cha kuchekesha. Wamekuwa katikati ya taaluma yake ya kusanifu vifaa vya mifugo. Sisi tunaona kwamba utambuzi wa kweli wa Grandin, kwa maana ya kifasihi, ulitokea baina ya vitabu hivi viwili, wala si katika chumba cha daktari. Jina alikuwa nalo siku nyingi. Alichokuwa hajapata ni usomaji wake mwenyewe wa jina hilo.

Oliver Sacks alikiri, katika insha aliyomwandikia Grandin na kuipa jina An Anthropologist on Mars, kwamba alipokisoma Emergence mara ya kwanza alishuku kuwa mwandishi msaidizi ndiye aliyeandika sehemu kubwa. Baada ya kuyasoma maandishi yake mengine aliiacha shaka hiyo. Ungamo hili lafaa kukumbukwa, maana limeficha mtego ambao waandishi wote wa kundi hili huupitia. Ukiandika vibaya, huaminiwi kuwa mwandishi. Ukiandika vizuri, huaminiwi kuwa na usonji. Hakuna tawasifu nyingine tunayoifundisha ambayo ufasaha wa mwandishi huhesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Mswada wa Donna Williams

Tumefika kwenye matini ambayo, kwa maoni yetu, imeliingiza tatizo la utambuzi katika umbo lake lenyewe. Donna Williams, Mwaustralia aliyezaliwa mwaka 1963 na kufariki mwaka 2017, alichapisha Nobody Nowhere mwaka 1992. Utotoni alidhaniwa kuwa kiziwi, alidhaniwa kuwa na wazimu, alidhaniwa kuwa mkaidi. Ili aishi miongoni mwa watu alijigawa. Palikuwa na Willie, mwenye macho makali na ujuzi mwingi, aliyeikabili hatari. Palikuwa na Carol, aliyechukua jina na tabasamu la msichana ambaye Donna alikutana naye bustanini, na ambaye kazi yake ilikuwa kupendeza. Nyuma yao alikuwako Donna, asiyetoka.

Msomaji aliyezoea istilahi zetu ataona mara moja kwamba huu ni mgawanyo wa nafsi za usimulizi. Lakini Williams hautumii kama mbinu ya kupamba. Sentensi zake huanza na mimi, na mara nyingi katika sehemu za katikati ya kitabu hatuna hakika mimi huyo ni yupi. Carol anapokwenda karamuni, anayesimulia ni nani? Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba mtazamo umeyumba. Ndivyo, umeyumba, na kuyumba huko ndiko habari inayosimuliwa. Kile ambacho Kanner alikiona kwa nje, yaani mgeuko wa nafsi, tunakiona hapa kwa ndani na kwa urefu wa maisha.

Jina linamjia akiwa mtu mzima, na linamjia kwa njia ya usomaji. Alikuwa akitafuta maelezo ya hali yake katika vitabu vya skizofrenia, ndimo akakutana na neno usonji. Haikuwa ajali tupu: neno hilo, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi yenyewe, liliundwa na Eugen Bleuler huko Uswisi mwanzoni mwa karne ya 20 kuelezea dalili mojawapo ya skizofrenia, na likaendelea kukaa katika sura za vitabu hivyo. Kisha aliandika. Aliandika kwanza ili ajielewe, bila kukusudia kuchapisha, na akaukabidhi mswada kwa daktari wa watoto huko London. Huu ni utambuzi wa kumbukumbu na wa hoja kwa pamoja, na umechipuka katika matukio yenyewe, kwani tendo la kuandika ni sehemu ya msuko.

Tuuweke mswada huo kando ya kurasa 33 za baba wa Donald. Katika hali zote mbili kuna karatasi zilizopigwa taipu na kuna daktari anayesoma. Lakini mwaka 1938 mtoto alikuwa mada ya barua. Katika mswada wa Williams, aliyekuwa mada ndiye aliyeandika, na daktari alipaswa kulikubali jina ambalo mgonjwa alikuwa ameshalifikia. Umbali uliopo baina ya nyaraka hizo mbili ndio historia ya utanzu huu, na ungeweza kuandikiwa tasnifu nzima.

Hatukubaliani na wanaosema kwamba Somebody Somewhere (1994), mwendelezo wa tawasifu hii, ni kitabu kilichokomaa zaidi. Ni kitulivu zaidi, hilo ni kweli. Willie na Carol wanaagwa, na nathari inapata mpangilio. Lakini mwandishi sasa anajua istilahi, na mara kwa mara istilahi inamtangulia. Anatueleza jambo kabla hatujaliona. Nobody Nowhere iliandikwa na mtu aliyekuwa bado anatafuta, na utafutaji huo unasikika.

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1993, Jim Sinclair aliwaandikia wazazi maneno makali yaliyopewa anwani Don't Mourn for Us. Hoja yake ni kwamba mzazi anayelia baada ya utambuzi anamlilia mtoto wa kuwaziwa ambaye hakuzaliwa kamwe, na kwamba mtoto aliyeko yu hai na anangoja. Kwa istilahi zetu, Sinclair anakipinga chaguo la utanzu. Mzazi ameshika tanzia, naye anamwambia kwamba hakuna aliyekufa. Nilikisoma kipande hiki kwa mara ya kwanza kama mtaalamu, nikakiona kikavu. Nilikisoma tena mwaka 2014, baada ya asubuhi moja katika kliniki ya Nairobi, sikuweza kukimaliza kwa siku tatu.

Majina yanayofutwa

Jambo jingine linaloitenga tawasifu hii na nyingine ni kwamba jina lililojenga msuko wake laweza kuondolewa baada ya kitabu kuchapishwa. Liane Holliday Willey alitoa Pretending to be Normal mwaka 1999. Njia yake ya utambuzi ni ya kumbukumbu, kwa maana ileile ya Aristotle: binti yake alitambuliwa kuwa na hali iliyoitwa kwa jina la Asperger, na mama, akimtazama mtoto, akajiona mwenyewe alivyokuwa. Jina hilo la daktari wa Vienna lilikuwa limeenezwa katika Kiingereza na Lorna Wing kuanzia mwaka 1981. Mwaka 2013 mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani uliliondoa, likaingizwa katika usonji kwa jumla, na mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha ushahidi wa jinsi Hans Asperger alivyoshirikiana na utawala wa Wanazi uliowaua watoto walemavu. Anwani ndogo ya kitabu cha Willey ingali inalibeba jina hilo. Tusome vipi tawasifu ambayo ufunguo wake umebadilishwa na mwenye kufuli? Jibu letu ni kwamba sura ile ambapo mama anajiona katika mtoto haikupoteza chochote. Kilichochakaa ni cheti.

Ian Hacking, katika makala yake ya mwaka 2009, alipendekeza kwamba tawasifu hizi zinaiunda lugha ambayo kwayo uzoefu huo unaweza kusemwa, lugha ambayo haikuwako. Tukiikubali hoja hiyo, na twaikubali, inatudai sisi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Tunayo majina mawili. Usonji ndilo lililoenea. Tawahudi, lenye asili ya Kiarabu, lina shina moja na wahedi na tauhidi, na hubeba maana ya kuwa peke yako. Kila jina ni tafsiri ya awali ya mtu kabla hajasema neno. Tawahudi humpa upweke, pamoja na mwangwi wa utukufu ambao mimi, nakiri, naupenda kuliko nipaswavyo. Usonji, kwa wasemaji wengi, halimpi chochote: halina jamaa katika masikio yao.

Siku ile niliporudi kutoka kliniki nilimpigia simu mamangu, Mombasa. Daktari alikuwa amezungumza Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia mama neno usonji, akanyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, hilo ni jina la maradhi au jina la mtu?" Nikaanza kueleza kama ninavyoeleza darasani. Akanikatiza: "Basi nitajie kwa lugha ya nyumbani." Sikuwa nayo. Maneno ya nyumbani niliyoyajua yalikuwa zuzu, punguani, na yale yanayohusu majini.

Mwaka uliofuata tulijaribu, katika semina ya uzamili ya tafsiri, kuigeuza anwani tu ya kitabu cha Williams. Kazi ya dakika kumi, tulidhani. Kiingereza kinaweza kumfanya asiyekuwako awe nomino, akapewa hata anwani ya mahali pasipokuwapo. Kiswahili hukanusha katika kitenzi: hakuna mtu, hayupo popote. Ukisema hivyo, umeiondoa nafsi ambayo kitabu kizima kinashuhudia kwamba ilikuwako nyuma ya Willie na Carol. Mwanafunzi mmoja alipendekeza Si Mtu, Si Mahali. Mwenzake kutoka Lamu akapinga papo hapo. Kwao, alisema, ukimwambia mwenzako si mtu hujamwambia kwamba hayupo. Umemvua utu, na hilo ni tusi. Mwingine akajibu kwamba labda ndilo neno hasa, kwa kuwa ndivyo msichana yule alivyotendewa. Wa Lamu akauliza: tutalitia tusi la waliomtesa katika kinywa chake yeye, kwenye jalada, juu ya jina lake? Tulibishana hadi chumba kikahitajiwa na darasa jingine. Katika daftari langu anwani imeandikwa mara saba, na zote saba zimekatwa kwa kalamu.